Samaki Milia au Tilapia, RNA au Ligandi: Kuchagua Njia ya Kuchunguza Vipokezi vya Histamini katika Ubongo wa Samaki

Mjini Mombasa neno histamini husikika zaidi bandarini na katika maabara za ukaguzi wa samaki kuliko katika madarasa ya sayansi ya ubongo. Jodari anayeteremshwa Liwatoni akikaa juani bila barafu, bakteria huigeuza histidini iliyojaa katika minofu yake kuwa histamini, na atakayemla huwashwa mwili, huwa mwekundu usoni na kuumwa na kichwa. Hiyo ni histamini ya samaki aliyekwisha kufa. Makala haya yanahusu ile ya samaki aliye hai, ambayo hutengenezwa na kundi dogo la nyuroni (seli za neva) zilizo upande wa chini wa ubongo wake, na yanahusu hasa vipokezi vyake, yaani protini za seli zinazoipokea. Yamekusudiwa mwanafunzi wa uzamili au mhadhiri wa hapa pwani anayetaka kuanza utafiti wa namna hii na ambaye, kabla ya kuandika pendekezo lake, hana budi kuamua mambo mawili: atumie samaki gani, na avitafute vipokezi hivyo kwa mbinu ipi.

Msingi wenyewe ni mfupi. Kwa wanyama wanyonyeshao kuna vipokezi vinne vya histamini. H1 ndicho kinachozuiwa na dawa za mzio zinazoleta usingizi. H2 kilitenganishwa na H1 mwaka 1972 na James Black na wenzake, kwa dawa walizozibuni kupunguza asidi ya tumbo. H3 kiligunduliwa mjini Paris mwaka 1983 na Arrang, Garbarg na Schwartz walipoona kwamba histamini inazuia utoaji wa histamini yenyewe katika ubongo wa panya, na jeni yake ikapatikana mwaka 1999. H4 kilifuata mwaka 2000, nacho makao yake makuu ni seli za damu na za kinga. Kwa samaki, kazi iliyofungua njia ni ya kundi la Pertti Panula nchini Ufini, ambalo mwaka 2007 lilieleza jeni za H1, H2 na H3 za samaki milia. Nyuroni zenye histamini kwa samaki huyo ziko sehemu ya nyuma ya haipothalamasi (eneo la chini ya ubongo), mahali panapolingana na zilipo kwa mamalia, na nyuzi zake husambaa karibu ubongo mzima.

Samaki gani

Wengi huanza kwa kuuliza ni samaki yupi anayepatikana kwa urahisi, na kwa mtu wa Mombasa jibu huwa tilapia: anafugwa, anauzwa akiwa hai, anavumilia maji ya chumvichumvi ya visima vya kisiwani, na kila mtu anamjua. Mimi naona swali hilo lingefaa kuja la pili. Swali la kwanza ni hili: histamini, au kipokezi chake, kitakachoonekana katika sampuli kitakuwa kimetoka katika seli gani?

Kwa samaki milia, Danio rerio, jibu limekwisha tolewa. Mwaka 1998 watafiti hao wa Ufini walionyesha kwamba mfumo wa histamini wa samaki huyu uko ubongoni peke yake; hawakuiona histamini katika viungo vingine ambamo kwa mamalia ingetarajiwa. Kwa maneno mengine, mtafiti anayeona histamini kwa samaki milia anaangalia nyuroni. Hali ni nyingine kabisa kwa samaki wa kundi la sangara na jamaa zake, kundi ambalo katika uainishaji wa muda mrefu tilapia naye alihesabiwa humo. Mwaka 2007 hiyohiyo, Mulero na wenzake nchini Hispania walionyesha kwamba samaki wa kundi hilo huhifadhi histamini katika seli za masti, yaani zile seli za kinga zenye chembechembe ambazo kwa binadamu humwaga chembechembe hizo wakati wa mzio, na kwamba histamini hiyo huathiri seli nyingine za kinga kupitia vipokezi vyake. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mwanafunzi akiutoa ubongo wa tilapia mzima pamoja na utando wake na mishipa yake ya damu, akausaga na kupima RNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) ya H1 au H2, hana njia ya kujua ni kiasi gani cha alichopima ni cha nyuroni na ni kiasi gani ni cha seli za kinga zilizokuwa zikipita. Kosa la aina hii halionekani kwenye grafu, kwa sababu namba zitatoka nzuri na zitarudiwa vizuri.

Kwa kigezo hicho peke yake samaki milia anashinda, na kuna vigezo vingine vinavyomuunga mkono. Jenomu yake, yaani jumla ya DNA yake, ilichapishwa kwa ukamilifu mwaka 2013, na takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina angalau mwenza mmoja kwake. Mayai yake hurutubishwa nje ya mwili, ni maangavu, na kiinitete huanguliwa kati ya siku ya pili na ya tatu, kwa hiyo ubongo unaweza kutazamwa ukijengeka ukiwa mzima bila kukatwa. Joto linalopendekezwa kumfugia ni nyuzi 28.5 za Selsiasi; mtafiti wa Ulaya hulilipia umeme mwaka mzima, ilhali Mombasa ndilo joto la chumba kwa miezi mingi, na kazi yetu huwa kuzuia maji yasipande zaidi ya hapo mwezi wa Februari na Machi. Maji ya mfereji yatolewe klorini kwanza, na ya kisima kisiwani yasitumike.

Udhaifu wake mkubwa ni udogo. Samaki milia mzima ana urefu wa sentimita tatu hadi nne, na ubongo wake una uzito wa miligramu chache tu. Anayetaka kutengeneza tando za seli kwa ajili ya kupima ufungamano wa dawa na kipokezi atalazimika kukusanya ubongo wa samaki wengi sana ili apate mrija mmoja wenye protini ya kutosha, na kila anapochanganya ubongo wa samaki wengi anapoteza tofauti kati ya samaki mmoja na mwingine. Tilapia mkubwa mmoja hutoa tishu ya kutosha, na ubongo wake unaweza kugawanywa kwa mkono chini ya hadubini ya kawaida: ubongo wa mbele peke yake, paa la macho (sehemu ya ubongo inayopokea habari za uono) peke yake, haipothalamasi peke yake. Jenomu ya tilapia wa Nile, Oreochromis niloticus, nayo ilichapishwa mwaka 2014 pamoja na za jamaa zake wengine wa Afrika Mashariki, kwa hiyo hoja ya kwamba hana jenomu haipo tena.

Kuna maswali pia ambayo ni ya tilapia kwa haki yake. Anayeuliza kama histamini inahusika na kupoteza hamu ya kula kwa samaki waliobanwa katika bwawa, au na msongo wa tilapia dume anayeonewa na wenzake, hatapata jibu lenye maana kwa mfugaji akimtumia samaki wa Asia Kusini mwenye urefu wa kidole. Anayechagua tilapia kwa sababu hiyo amechagua vizuri, mradi ahakikishe kwamba samaki wake wote ni spishi moja. Tilapia wa Nile amepandwa mahali pengi na huzaana na spishi za asili kama Oreochromis spilurus, na vifaranga vinavyouzwa kwa jina moja vinaweza kuwa mchanganyiko. Kipande kidogo cha pezi na kipimo cha DNA mwanzoni mwa kazi kitaondoa shaka hiyo.

Samaki wa dhahabu anastahili kutajwa kwa ufupi. Yuko katika maduka ya samaki wa mapambo, ubongo wake ni mkubwa kuliko wa samaki milia, na watafiti wa São Carlos nchini Brazili walimtumia kwa miaka mingi kuchunguza athari za klofeniramini, dawa ya mzio inayozuia H1, katika kujifunza na kukumbuka. Hata hivyo ukoo wake ulipitia kuongezeka maradufu kwa jenomu kwa mara ya ziada, kwa hiyo jeni moja ya samaki milia inaweza kuwa na nakala mbili kwake, jambo linalofanya kila kipimo cha RNA kuwa kazi mara mbili. Mwatiko wa mabwawa ya Kwale na Kilifi humvutia zaidi mtu wa pwani, na nafasi yake katika ukoo wa samaki inavutia pia: ijapokuwa anaishi majini mwa chumvi, yeye yuko karibu na samaki milia kuliko alivyo tilapia. Ila vifaranga wake kwa kawaida hukusanywa baharini, umri na historia yao haijulikani, na kwa kazi ya kwanza ya mwanafunzi huo ni mzigo asiouhitaji. Mwatiko awekwe kwa awamu ya pili, baada ya mbinu kuthibitishwa kwa samaki milia.

Mbinu gani

Njia zinazoshindana kwa kweli ni mbili. Ya kwanza ni kuinasa RNA ya kipokezi pale ilipo katika kipande cha ubongo, kwa kipande cha RNA kinyume kilichotiwa alama ya digoksijenini, ambacho baadaye huonyeshwa kwa rangi. Ya pili ni kukiona kipokezi chenyewe kwa ligandi yenye mionzi, yaani kemikali inayoshika kipokezi na kuacha alama ya mionzi: pairilamini yenye tritiamu kwa H1, aminopotentidini yenye iodini-125 kwa H2, na alfa-methilihistamini yenye tritiamu kwa H3, kisha vipande vya ubongo huwekwa juu ya filamu na kuachwa gizani mpaka picha itokee.

Watu huzieleza njia hizi kana kwamba ya kwanza ni toleo rahisi la ya pili. Sivyo, kwa kuwa zinajibu maswali tofauti, na hakuna mahali ambapo tofauti hiyo ni kubwa kama kwa H3. Kipokezi hiki hukaa hasa kwenye ncha za nyuzi za neva, ambako hufanya kazi ya breki: histamini ikizidi, H3 huzuia isiendelee kutolewa, na huzuia vilevile utoaji wa vipitishi vingine. RNA yake hutengenezwa ndani ya mwili wa seli, ilhali protini husafirishwa mpaka mwisho wa uzi, ambao unaweza kuwa upande mwingine wa ubongo. Kwa hiyo anayenasa RNA atakuonyesha ni nyuroni zipi zinazomiliki H3. Anayetumia ligandi atakuonyesha ni wapi H3 inafanya kazi. Na ramani hizo mbili hazitalingana, wala hazipaswi kulingana. Nimewahi kusoma rasimu za mapendekezo ambamo kutolingana huko kulitajwa mapema kuwa dalili ya kushindwa kwa jaribio. Kwa kipokezi cha aina hii ni matokeo yenyewe.

Ligandi ina sifa nyingine ambayo RNA haiwezi kuwa nayo: inaeleza nguvu ya ufungamano. Jeni za vipokezi vya samaki zinafanana na za binadamu kwa sehemu tu, na dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kipokezi cha binadamu au panya inaweza kushika kile cha samaki kwa ulegevu. Kupima mkunjo wa kujaa kwa ligandi, pamoja na sampuli sambamba iliyotiwa dawa isiyo na mionzi kwa wingi ili kuondoa ufungamano usio mahususi, ndiyo njia ya kujua kama dawa inafaa kutumiwa kwa spishi hiyo. Kundi la Ufini lilifanya hivyo kwa kipokezi kinachofanana na H3 cha samaki milia mwaka 2000, miaka saba kabla ya kueleza jeni za vipokezi hivyo.

Pamoja na ubora wote huo, kwa Mombasa njia ya ligandi ina gharama ambazo hazimo katika bei ya kemikali. Nyenzo zenye mionzi hudhibitiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya chini ya sheria ya mwaka 2019. Panahitajika kibali, chumba maalumu, mtu aliyefunzwa na utaratibu wa kutupa taka. Iodini-125 hupungua nusu kila baada ya siku 60 hivi, kwa hiyo mzigo ukikwama forodhani mtafiti atapokea nguvu pungufu ya ile aliyoilipia. Tritiamu, ambayo nusu ya maisha yake ni miaka 12.3, huvumilia kucheleweshwa, lakini mionzi yake ni dhaifu na filamu huhitaji wiki kadhaa kabla ya picha kuonekana. Maabara ambayo haijawahi kufanya kazi ya mionzi isianze na kazi hii. Itafute mshirika mwenye kibali, impelekee vipande vya ubongo vilivyogandishwa, na yenyewe ifanye sehemu ya RNA. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ndicho kifaa cha kulindwa kuliko vyote katika mpango huo, na jenereta yake ijaribiwe kabla ya samaki wa kwanza kuuawa.

Njia mbili nyingine zinatajwa mara nyingi na hazihitaji maneno mengi. PCR (mbinu ya kuzidisha nakala za vinasaba) ya kupima wingi wa RNA ni ya haraka na mashine zake zimeenea, lakini inasaga mahali pamoja na tishu. Kwa samaki milia inafaa kama kipimo cha awali, na kwa tilapia irudiwe kwa kila eneo la ubongo lililotengwa. Kingamwili dhidi ya vipokezi vya aina hii zimejulikana kwa muda mrefu kuwa si za kuaminika, hata kwa panya ambao zilitengenezewa. Anayetaka kuzitumia kwa samaki aonyeshe kwanza kwamba alama inatoweka kwa samaki asiye na jeni husika, na kama hana samaki huyo aache. Kingamwili dhidi ya histamini yenyewe ni jambo tofauti, na hiyo imefanya kazi vizuri kwa samaki milia.

Dawa ndani ya maji

Ipo pia njia inayopendwa kwa sababu ni rahisi mno: kutia dawa ndani ya maji na kutazama samaki anavyoogelea. Klofeniramini na simetidini hupatikana katika duka la dawa, mabuu ya samaki milia hufyonza dawa kwa ngozi na matamvua, na kamera ya simu inatosha kurekodi mwendo. Sikatai njia hii. Nakataa itumike peke yake kutaja kipokezi, na sababu iko katika utafiti uleule wa kundi la Ufini wa 2007. Mabuu waliopewa pairilamini inayozuia H1, simetidini inayozuia H2, thioperamidi inayozuia H3, na imepipi inayoamsha H3, wote walipunguza kuogelea. Dawa mbili zenye kazi kinyume juu ya kipokezi kimoja zimeleta tabia moja. Mtu ambaye angekuwa na thioperamidi tu angehitimisha kitu kimoja kuhusu H3, na mwenye imepipi tu angehitimisha kinyume chake, kila mmoja akiwa na takwimu safi. Isitoshe, dawa nyingi za mzio za kizazi cha kwanza hushika pia vipokezi vya asetilikolini, na samaki aliyezubaa hasemi ni kipokezi kipi kilichomzubaisha.

Mtu anaweza kudhani kwamba kuondoa jeni kunamaliza ubishi. Kisa cha usingizi wa samaki milia kinaonyesha kwamba hata hapo uchaguzi wa mbinu unaamua jibu. Mwaka 2011 kundi la Ufini lilizuia kimeng'enya kinachotengeneza histamini, kwa kutumia mofolino zinazoziba RNA kwa siku za mwanzo za maisha, na likaripoti mabadiliko katika kukesha na katika nyuroni za oreksini (kemikali ya ubongo inayosaidia kukesha) kupitia H1. Mwaka 2017 maabara ya David Prober nchini Marekani ilitengeneza samaki milia waliopoteza jeni za mfumo wa histamini moja kwa moja, na usingizi wao ukawa karibu wa kawaida. Mofolino zinaweza kudhuru seli kwa njia zisizokusudiwa. Samaki aliyezaliwa bila jeni naye anaweza kufidia upungufu huo kwa kuongeza jeni nyingine. Tafiti zote mbili ni za kuheshimiwa, na anayeanza kazi leo asome zote mbili kabla ya kuchagua. Kwa maoni yangu, maabara ya hapa yenye mwaka mmoja au miwili isitengeneze yenyewe samaki walioondolewa jeni. Iombe mayai ya ukoo uliokwisha tengenezwa, kwa kibali cha kuingiza samaki hai kinachotakiwa na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na maji yao yasimwagwe kamwe kwenye mfereji unaoelekea kijitoni.

Uamuzi

Kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye mwaka mmoja wa maabara, ningeshauri samaki milia na kunasa RNA katika vipande vya ubongo, akianza na H3 kwa sababu ndiyo yenye swali la kuvutia zaidi la mahali, na PCR kama kipimo cha kuunga mkono. Jaribio la kuogelea liongezwe likiwa na angalau dawa mbili zinazopingana kwa kila kipokezi, ili lile fumbo la thioperamidi na imepipi lishughulikiwe waziwazi badala ya kufichwa. Kwa mtafiti wa uzamivu mwenye mshirika wa nje na swali la ufugaji, tilapia na ligandi ndiyo njia, na hapo ukubwa wa ubongo unalipa gharama zote za kibali.

Mwenye tilapia tu, asiye na uwezo wa kuagiza samaki wengine, naye ana njia, lakini asiruke hatua ya kwanza. Samaki akishaleweshwa kwa dawa ya ganzi na kabla ya ubongo kutolewa, damu isukumwe nje kwa maji ya chumvi kupitia moyo mpaka matamvua yageuke meupe; utando wa ubongo uvuliwe chini ya hadubini; na vipande vichache vya kila samaki vitiwe rangi ya toluidini ya buluu ili seli za masti zilizobaki zihesabiwe. Hesabu hiyo iandikwe katika jedwali moja na vipimo vya H1 na H2, samaki kwa samaki, kwa sababu bila hiyo msomaji hatakuwa na njia ya kuvitenganisha vipokezi vya nyuroni na vile vya seli za kinga.